Kadi Iliyopokelewa Edani

Bahasha ilikuwa imepokelewa. Kitabu cha msambazaji kilisema hivyo bila kupepesa macho: Jumanne, saa saba kasoro robo mchana, nyumbani kwa Bi Nunu, Temeke, na mbele yake mkwaruzo wa kalamu uliojiita saini. Ndani ya bahasha hiyo kulikuwa na kadi ya mkopo ya benki, ya kwanza katika maisha ya Widad Khalil, mjukuu wa Bi Nunu na mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha ugavi.

Widad hakuwahi kuiona.

Alhamisi asubuhi alisimama kaunta ya polisi akafungua shauri la wizi. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, mwembamba, mwenye maneno ya haraka, na alikwisha kulitangazia darasa zima kwamba kadi inakuja. Aliihitaji kulipia kozi ya mtandaoni isiyokubali pesa za simu. Sasa benki ilimwambia kadi anayo, saini ipo, na kama anabisha alete namba ya jalada.

Saa nane mchana siku hiyohiyo mtuhumiwa alikuwa mahabusu. Aliitwa Badru Marijani, kijana wa miaka ishirini na sita, dereva wa pikipiki wa kampuni ya kusambaza vifurushi. Aliyemleta ni meneja wake mwenyewe, na alimleta kama mtu anayerudisha bidhaa mbovu dukani. Kanuni ya kampuni ilikuwa moja, alisema meneja: kadi ya benki anakabidhiwa mwenyewe, kwa kitambulisho. Badru hakuona kitambulisho cha mtu yeyote. Kwa hiyo Badru ni mwizi, na kampuni inataka afikishwe mahakamani.

Jalada likatua mezani kwa Inspekta Lusungu. Huyu alikuwa mwanamke wa Kyela, kipande cha mama, aliyefanya upelelezi Temeke kwa miaka kumi na miwili. Hakuyapenda majalada yanayokuja yameshapikwa. Yakija hivyo, kwanza alitaka kujua nani aliwasha moto.

Alimtoa Badru mahabusu, akamkalisha mbele yake.

"Ulimkabidhi nani?"

"Bi mkubwa, afande. Mwenye nyumba."

"Ulimwona?"

"Hapana."

"Humjui, hukumwona, ukampa kadi ya benki."

Badru alitazama sakafu. "Yuko edani, afande."

Akaeleza taratibu. Alimpigia Widad, simu ilikuwa imezimwa, kumbe mwenyewe yuko kwenye mtihani. Akapiga namba ya pili kwenye fomu, ya nyumbani. Akapokea mwanamke, akasema yeye ni bibi yake Widad, alete tu. Alipofika alikuta mlango wazi na pazia limeshushwa. Sauti ya ndani ikamwomba radhi: yeye ni mjane, yuko edani, hawezi kutoka. Hilo mtaa mzima ulilijua. Mzee Sultan, mumewe Bi Nunu, alifariki karibu miezi miwili nyuma, na mjane haonekani na mwanamume wa kando mpaka zitimie miezi minne na siku kumi. Sasa Badru, mtoto wa mjini aliyelelewa akaleleka, afanye nini? Amwambie mjane wa watu achungulie nje na kitambulisho? Aligeuzia uso ukutani, akapitisha bahasha na kitabu kwenye upenyo wa pazia.

"Hukuona chochote kabisa?"

"Mkono tu, ulipotoka kuchukua kalamu. Una hina. Nikaangalia pembeni."

Lusungu aliandika: mkono, hina. Kisha akaenda kwenye swali lililofuata. Kwake yeye hina kwenye mkono wa mwanamke wa Pwani lilikuwa jambo la kawaida kama chumvi kwenye mboga, na kwa sababu hiyo alipoteza saa kumi na nane ambazo hakuwa nazo.

Saa zilikuwa chache kweli. Sheria haimruhusu polisi kukaa na mtuhumiwa zaidi ya saa ishirini na nne. Ijumaa saa nane mchana Badru ama aachiwe, ama apandishwe kizimbani, na mkuu wa upelelezi alikwisha sema kama hakuna jingine jipya, apandishwe. Alama za vidole kwenye kitabu zisingesaidia, kwani kilikuwa kimeshikwa na nusu ya wilaya. Meneja naye alikuwa ametamka kwamba siku Badru atakaposomewa shtaka ndiyo siku kazi inakwisha. Na nani tena angempa bahasha mtu aliyeshtakiwa kwa wizi wa kadi?

Ijumaa alfajiri mama yake Badru alifika kituoni na chupa ya uji, akaketi kwenye benchi la mapokezi. Aliitwa Mwanaheri. Hakulia wala hakubishana na mtu. Kila Lusungu alipopita aliinuka kidogo akauliza kama mwanawe anatoka leo, na kila mara Lusungu alimjibu kwamba wanaliangalia. Alilichukia jibu hilo kuliko aliyepewa.

Saa mbili asubuhi Koplo Khalfani alileta majibu ya benki. Kadi haikuwa imejaribiwa kutumika hata mara moja. Siku ya tatu hiyo tangu iibwe, na hakuna shilingi iliyoguswa.

"Mwizi mvivu huyu, afande," alisema Khalfani.

"Au si pesa anayoitaka."

Na kama si pesa, basi kidole kilielekea mahali ambapo Lusungu hakupenda kielekee. Jioni iliyopita Khalfani alikuwa amefika nyumbani kwa Bi Nunu, akasimama barazani, wakazungumza na pazia katikati. Bi Nunu alikana. Hakupokea simu, hakupokea bahasha, saa hiyo alikuwa chumbani kwenye mswala. Lakini Widad mwenyewe alikwisha wasimulia jinsi bibi yake alivyomkatalia kadi hiyo tangu fomu ilipoingia nyumbani. Mkopo wa benki una riba, na riba ni haramu. Basi sauti ilikuwa ya kwake, nyumba ya kwake, simu ya kwake, na sababu anayo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ila kumtia mjane pingu akiwa edani, hata Lusungu, ambaye hakuwa Mwislamu, aliona ni jambo la kumrudia mtu usingizini.

Safari hii alikwenda mwenyewe. Khalfani alibaki barazani. Lusungu, kwa kuwa ni mwanamke, alivua viatu akapita ndani ya pazia.

Bi Nunu aliketi kwenye mkeka, mwanamke wa asili ya Kiarabu mwenye miaka sabini hivi, katika nguo nyeupe zisizo na ua hata moja. Lusungu alimwamkia shikamoo, akajibiwa marahaba kwa sauti ya mtu asiyekuwa na haraka ya kuogopa. Habari ya riba hakuificha.

"Nilimkataza, ndiyo. Lakini kukataza ni kwa mdomo, mwanangu, si kwa kuiba."

Akanyanyua birika, akammiminia kahawa. Hapo Lusungu akaitazama ile mikono. Ilikuwa mikavu, safi, kucha zimekatwa fupi. Hata doa la rangi haikuwa nalo. Akauliza, kwa kuuliza tu, mara ya mwisho alipaka hina lini.

Bi Nunu aliliweka birika chini.

"Hina? Mie niko edani. Hina, wanja, manukato, vyote nimeviacha nje ya mlango mpaka nitoke eda. Nijipambe na kaburi la Sultan halijakauka, watu wangenisemaje?"

Nje barazani Khalfani alikohoa. Lusungu alipotoka alimkuta amesimama, mikono kiunoni, akiwa na sura ya mtu aliyenyimwa chakula chake.

"Hina, afande? Huyo dogo aliona hina, na hukuniambia?"

"Ningekuambia kwa nini?"

"Mie mtu wa Kilwa. Ningekujibu jana ileile."

Badru aliona kitu kimoja tu, akakisema, na kitu hicho kilitosha kumwondoa Bi Nunu na kuonyesha kwamba nyuma ya pazia alikaa mtu mwingine aliyejifanya mjane. Mtu aliyeijua nyumba, aliyeweza kupokea simu ya bi mkubwa wakati wa swala, na aliyejua kwamba kijana mwenye adabu hatachungulia.

Akarudi ndani. Nani mwingine hukaa humu? Bi Nunu alimtaja binti yake, Maisa, shangazi yake Widad. Huja kumliwaza siku mbili tatu kwa wiki, kisha hurudi kwake Bunju. Na hina? Huyo hakosi hina, alisema Bi Nunu. Lakini Jumanne hakuwepo. Alisema mwenyewe kwamba alikuwa Bunju, anashona nguo za watu.

Saa tatu na nusu gari la polisi lilishika njia ya Bunju. Kutoka Temeke hadi Bunju ni kuuvuka mji mzima, na mji ulikuwa umeamka wote na kuingia barabarani. Lusungu alitazama saa yake mara nyingi. Kila dakika aliyokwama aliihesabu kama ya Badru.

Nyumba aliyopanga Maisa ilikuwa na kufuli lenye kutu. Aliyewapokea ni mjumbe wa shina, mzee mmoja mstaafu wa reli aliyeitwa Erasmus. Aliwaangalia sare zao, akatikisa kichwa.

"Mmechelewa. Wenzenu walishachukua kila kitu."

"Wenzetu nani?"

"Kausha damu."

Hakuhitaji kufafanua. Dar nzima inawajua wale wakopeshaji wa mitaani ambao riba yao hupanda kila wiki, na ambao siku ya siku hawaendi mahakamani, huja na gari. Maisa alikopa kwao ili anunue vitambaa, mzee alisimulia. Wateja wakachelewa kulipa. Wakaja asubuhi moja, majirani wote wapo nje. Walibeba cherehani, friji, godoro na shuka lake. Jikoni maharage yalikuwa yanachemka. Waliyamwaga chini wakachukua sufuria.

Erasmus alilitazama lile kufuli, kama aliyeyaona tena yale maharage.

"Juma hilohilo baba yake akafariki. Dada wa watu akalia mpaka sauti ikakauka, na kila mtu akampa pole ya msiba. Hajaishi hapa tangu siku hiyo."

Kwa hiyo Jumanne Maisa hakuwa Bunju. Hakuwa na cherehani ya kushonea wala godoro la kulalia. Alikuwa Temeke siku zote, na familia ikadhani anakuja na kurudi. Sasa alikuwa akipata riziki kwa kupaka hina kwenye saluni moja huko, mtaa wa tatu tu kutoka kwa mama yake, na siku asizokwenda kwa mama alilala humohumo. Hilo nalo Erasmus alilijua, kwa kuwa wajumbe wa shina hujua mambo hata yasiyowahusu.

Saa saba na dakika tano walisimama mlangoni mwa saluni. Maisa alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, ameinama juu ya miguu ya bi harusi. Mguu wa kulia ulikuwa umejaa maua mpaka kwenye kifundo, wa kushoto mtupu. Aliziona sare, akauweka mkono wake mapajani kana kwamba unaweza kufichika. Hina ilikuwa imeanza kupauka kwenye vidole, lakini ilikuwepo.

Lusungu alitazama saa. Akamtazama bi harusi, ambaye macho yalikuwa yameshaanza kujaa machozi.

"Malizia mguu," alisema. "Dakika ishirini."

Khalfani alidhani amesikia vibaya. Baadaye aliwasimulia wenzake kwamba huyo ndiye afande pekee Tanzania nzima aliyemsubiri mtuhumiwa amalize maua. Lusungu hakujali. Mwanamke anayekimbia hangeweza kuchora mistari ile, na huyu aliichora bila mkono kutetemeka, kama mtu aliyekuwa akingoja kukamatwa na sasa anapumua.

Kituoni walipita mapokezi. Mwanaheri aliinuka kidogo kwenye benchi, kama kawaida yake, akauliza swali lake lilelile. Maisa alisimama.

"Huyu mama ni nani?"

"Mama yake Badru," alisema Lusungu. "Kijana aliyeleta bahasha. Yuko mahabusu tangu jana. Saa nane anapelekwa mahakamani."

Rangi ilimtoka Maisa. Hakuwa akijua, na Lusungu, aliyeona waongo wengi maishani mwake, aliona hapo hapo kwamba hakuwa akijua. Nyumbani Widad alikuwa amesema tu kwamba polisi wanashughulikia.

Hakungoja kufikishwa chumba cha mahojiano. Alifungua mkoba wake pale pale mapokezi, akachomoa mfuko wa nailoni uliojaa unga wa hina, na chini ya unga akatoa bahasha. Ilikuwa bado imefungwa, gundi haijaguswa.

"Mtoeni yule kijana. Mie ndiye niliyepokea."

Walimkalisha. Lusungu alimwonya kama sheria inavyotaka, kwamba halazimiki kusema neno na kwamba atakalosema litaandikwa. Maisa akasema aandike tu.

"Uliifungua?"

"Sikuifungua. Hata kuishika nilikuwa naogopa."

"Kwa nini uliichukua?"

"Nilipita nyumbani mara moja, mama anaswali chumbani, hakujua nimeingia. Simu yake ikaita. Nikapokea. Yule kijana akasema, nina kadi ya mkopo ya Widad. Nilisikia neno moja tu, afande. Mkopo."

"Ungeweza kumwambia mpwa wako."

"Ningemwambia nini? Usikope, maana mie shangazi yako nilikopa mpaka wakanimwagia maharage sakafuni, watu wanaangalia? Sijamwambia mama. Sijamwambia kaka yangu. Baba alifariki siku nne baada ya hapo. Watu wakanishika mkono wakisema pole ya mzee, nami nikaitikia. Nilikuwa namlia baba, ndiyo, lakini nilikuwa nalia na yangu pia, na hakuna aliyejua."

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lusungu alijua kwamba kadi ya benki si kausha damu, ina kikomo, ina sheria na ina ofisi yenye mlango wa kugonga. Lakini hakumsomea Maisa somo hilo. Aliendelea kuandika.

"Kwa hiyo ukakaa nyuma ya pazia."

"Kijana alikuwa karibu, akafika mama bado yuko kwenye mswala. Nikaipunguza sauti, nikawa mama. Nilijua kijana wa watu hatachungulia. Nilidhani benki watasema imepotea, basi, wachoke. Sikufikiri kwamba atalipa yeye."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakukuwa na genge la matapeli wala kadi iliyouzwa mitaani. Alikuwepo mwanamke mmoja aliyeona aibu.

Saa nane kasoro dakika kumi Lusungu aliingia kwa mkuu wa upelelezi na bahasha mkononi. Alitoka na ruhusa ya kumwachia Badru. Widad alikwisha itwa kutoka chuoni, na yeye kama mlalamikaji aliandika kwamba mali yake ameipata ikiwa kamili na hana shauri na mtu wa familia yake. Maisa alipewa onyo kali la maandishi. Meneja wa kampuni alipigiwa simu, na baada ya kuguna sana akakubali kwamba Badru apewe barua ya onyo kwa kuvunja kanuni, na Jumatatu aripoti kazini. Lusungu alipokata simu aligundua kwamba alikuwa amesimama muda wote huo. Aliketi. Alijisikia mwepesi kama aliyetuliwa ndoo kichwani.

Badru alitolewa, akarudishiwa mkanda wake na simu. Mwanaheri alimshika uso kwa mikono miwili, akamkagua kama anayenunua samaki, mbele na nyuma, kisha akamwambia afunge mkanda vizuri. Ndipo machozi yakamtoka, ya kwanza tangu alfajiri.

Maisa alikuwa amesimama kando na Widad. Alisogea, akapiga magoti chini, akamshika Mwanaheri miguu.

"Nisamehe, dada yangu. Sikujua."

Mwanaheri alimtazama muda mrefu. Khalfani, aliyekuwa kaunta, aliacha kuandika.

"Wako ulikuwa unamtoa majini," alisema Mwanaheri, "ukamtosa wangu."

Widad ndiye aliyeinama, akamwinua shangazi yake kwa mabega. Alikuwa ameyasikia yote, na yale maneno yake ya haraka yalikuwa yamekwisha.

"Ungeniambia tu, shangazi."

"Ningeanzia wapi?"

"Popote. Mie ningekaa nikusikilize." Aliitazama bahasha aliyoishika, jina lake juu. "Leo utanieleza yote, walivyokuhesabia, ulivyosaini, kila kitu. Halafu tutaisoma hii pamoja, mstari kwa mstari. Nikiona nimeelewa, nitaifungua. Na kwa bibi tutakwenda wote. Mficha uchi hazai, si ndivyo anavyosemaga mwenyewe?"

Maisa alicheka na kulia pamoja, akajifuta uso kwa ule mkono wenye hina. Tangu siku ya maharage hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba atakwenda naye mahali.

Mwanaheri alikuwa ameshafika mlangoni na mwanawe. Akasimama, akageuka. Ukali ulikuwa bado uko usoni mwake, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Wewe," alimwambia Maisa. "Tangu walipokuchukulia vitu, ulilala lini ukalala?"

Maisa alitikisa kichwa.

"Basi. Mwanangu leo analala kwake. Na wewe nenda kalale."